Moshi wa Thelathini na Nane

Vijana wakishajua kazi niliyofanya, huniuliza swali moja tu: "Mzee, ulipata kuliona lile taji la jua?" Nawajibu kwamba sikuliona. Wananitazama kama mtu aliyekaa mjini Kisii miaka yote asile ndizi. Basi nawaandikia ninyi nyote mara moja, nisije nikaulizwa tena. Mkisoma mtaelewa kwa nini sikuliona, na kwa nini sijuti sana. Kidogo najuta.

Nimelipima jua kwa miaka ishirini na mmoja. Nimeihesabu mara mbili. Kabla ya hapo nilikuwa sokoni na baba yangu, muuza vitambaa, mtu wa Pwani aliyekuja Kisii na mzigo mmoja na kubaki kwa sababu ya mama yangu, Mgusii wa upande wa Nyamira. Sokoni nilijifunza mambo mawili. La kwanza, bei ya kwanza si bei. La pili, hesabu ya kwanza si hesabu. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, mpaka watu wakaacha jina langu la chuoni wakaniita Mara-Mbili. Nilipoandikwa kazi katika kituo kidogo cha kupima mvua na jua karibu na Nyamira, sikuchukuliwa kwa elimu. Nilichukuliwa kwa sababu aliyenitangulia aliandika mvua ambayo haikunyesha.

Kifaa cha jua kilikuwa tufe la kioo, ukubwa wa chungwa zuri, limekaa juu ya kikombe cha chuma. Nyuma yake unachomeka kadi. Jua likiwaka, kioo kinakusanya miale yake na kuichoma kadi. Jua likitembea, alama ya kuungua inatembea nalo. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unaitoa kadi, unapima mstari kwa rula, unaandika daftarini: leo Nyamira ilipata jua saa kadhaa. Ni hivyo tu. Jua lenyewe ndilo linaloandika, wewe ni karani wake.

Aliyenifundisha kulishika tufe hilo hakujua kusoma. Mzee Omwenga alikuwa mlinzi wa kituo, na alikuwa amewaona makarani wanne wakija na kuondoka. Siku yangu ya kwanza nililitoa tufe nilisafishe, nikaliweka juu ya meza karibu na dirisha. Nilipokuwa nakunywa chai nikasikia harufu. Daftari la mvua lilikuwa linafuka, ukurasa wa mwezi mzima.

"Kijana," Mzee Omwenga akasema bila kuinuka, "hilo usiliache limekaa peke yake. Lina njaa."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia ungesahau. Sasa hutasahau."

Tangu siku hiyo nililibeba limefungwa ndani ya kitambaa cheusi, kama kuku wa kuiba.

Mzee huyo alikuwa na desturi ya wazee wa zamani. Kila alfajiri alitoka nje, akageukia mashariki, na jua lilipotoa ukingo alilitemea mate ya baraka, akaliomba siku njema. Alikuwa amebatizwa, na wenzake wa kanisani walimsema. Yeye aliwajibu kwamba Mungu ndiye aliyeliumba, na kumsalimia mtoto wa mtu si kumtukana baba yake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Miaka ile niliyokuwa naye aliliona jua kama doa la mwanga tu, lakini hakukosa kulisalimia hata siku moja.

Sasa niwaambie habari ya Bwana Giza.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikubwa vya pili. Barua ilikuja kituoni kwamba jua litapatwa asubuhi na mapema, lifunikwe lote, na kwamba mtaalamu mmoja wa nyota kutoka ng'ambo atakuja na darubini zake kupiga picha. Watu walipojua kwamba mzungu huyu amesafiri miezi ili aone giza, wakampa jina hapo hapo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Kwanza nilimdhania mjinga. Baadaye aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Uso wa jua una joto kali," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Lakini kuzunguka uso kuna hewa nyembamba sana, nyeupe, kama taji. Hatuioni kwa sababu uso unang'aa mno. Mwezi ukifunika uso, taji linaonekana. Na wenzangu wamegundua hivi karibuni kwamba taji hilo lina joto la digrii milioni. Linauzidi uso mara nyingi sana."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nikamwambia, "Bwana, mimi nimekaa karibu na jiko tangu nizaliwe. Ukiondoka jikoni joto linapungua. Haliongezeki."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Alikuwa amejaribu mara mbili kabla ya hapo, katika nchi mbili mbalimbali. Mara zote mbili mawingu yalifunga. Kikohozi chake hakikuwa kikohozi cha mafua, na yeye alijua. Hii ya tatu ilikuwa ya mwisho kwake. Hakulalamika, alilisema kama mtu anayesema saa.

Giza lenyewe lingekaa dakika moja na kitu. Katika muda huo alitakiwa afungue na kufunga vifuniko vya kamera kwa mpangilio: sekunde tano, kumi, ishirini na tano. Alihitaji mtu wa kumhesabia sekunde kwa sauti, mtu asiyetazama juu. Anayetazama juu, alisema, hupumbaa na kusahau namba. Nilichaguliwa mimi.

Hapo nikaanza kazi niliyoizoea sokoni.

"Nitahesabu," nikamwambia, "lakini sekunde kumi za mwisho nitazame."

"Hata moja hapana."

"Saba."

"Hapana."

"Bwana, mimi nimelilisha jua hilo kadi kwa miaka. Halijawahi kunionyesha kofia yake. Tano."

Akacheka, akakohoa, akakohoa sana. Tukakubaliana sekunde tatu. Ilikuwa bei nzuri. Nililala usiku huo nikiwa na furaha kama nimenunua shamba.

Mniruhusu hapa niwape ufundi kidogo, maana unaweza kuwafaa hata ninyi. Saa ikikosekana, chukua kamba, funga jiwe, ning'iniza. Kama kutoka mkono ulikoshika mpaka katikati ya jiwe ni mita moja kasoro nusu ya upana wa kidole, basi kila jiwe likienda upande mmoja ni sekunde moja, na likirudi ni sekunde nyingine. Lisukume sana au kidogo, halijali. Tulifanya mazoezi hivyo kila jioni. Mzee Omwenga alikaa pembeni akatucheka.

"Namba zako ni ndefu, Mara-Mbili. Ukifika ishirini na saba jiwe limeshakuacha. Mimi nikihesabu vikapu vya wimbi sipiti tano. Emo, ibere, isato, inye, isano. Nadondosha punje ya mahindi. Naanza tena."

Akashika kamba mwenyewe, akafumba macho yake ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa, akahesabu kwa kusikia kamba inavyomvuta kidole. Tulimlinganisha na saa ya Bwana Giza. Punje ishirini, sekunde mia. Hakupoteza hata moja. Bwana Giza alimtazama kwa muda mrefu, lakini kazi ilibaki yangu. Nilikuwa na mkataba wa sekunde tatu.

Tatizo halikuwa mawingu peke yake. Jua lingefunikwa likiwa bado chini, juu kidogo tu ya ukingo wa mashariki, na kati yetu na ukingo huo kulikuwa na bonde lenye watu. Nanyi mnajua bonde la kwetu alfajiri. Kila nyumba inakoka moto, moshi unapanda ukinyooka, unatandaza blanketi. Darubini ya Bwana Giza ingepiga picha ya uji wa watu.

Nikasimama kilimani, pale darubini zilipotegwa, alfajiri moja nikahesabu mioshi. Thelathini na saba. Siku ya pili nikahesabu tena. Thelathini na saba. Mara mbili, kama desturi yangu. Nikashuka bondeni, mlango kwa mlango, kuomba siku moja tu waamke bila kukoka moto mpaka giza lipite.

Mnajua kodi ya kibanda ilivyokuwa? Mtu akihesabu nyumba, watu walijua kinachofuata. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Umemaliza kuhesabu nyumba, sasa mnahesabu moshi? Mwakani mtatutoza na kikohozi?" Mwingine alitaka kujua kama Bwana Giza atakuja kumlipia uji wa baridi kwa uji wa moto. Nilibembeleza, nikataniana nao, nikapiga magoti kwa akina mama wakubwa. Siku nne. Niliwafundisha na namna: makaa yafukieni kwa majivu, msimwage maji, maana maji yanatoa moshi kuliko moto. Nyumba thelathini na saba zikakubali. Nikarudi kilimani na kumwambia Bwana Giza kwamba bonde limelala mfukoni mwangu.

Asubuhi ile ilikuja safi. Sijaona asubuhi safi kama hiyo tena. Nilikuwa nimebeba tufe langu la kioo na kikombe chake pia, nikavitega, maana kadi ya siku hiyo ilibidi iandikwe kama siku nyingine yoyote. Jua lilitoka likiwa limeshamegwa upande wa juu. Mzee Omwenga akalitemea mate yake. Bonde lilikuwa jeusi, halina hata uzi wa moshi. Nikahesabu mara ya kwanza: hakuna. Nikahesabu mara ya pili.

Ulikuwepo mmoja.

Ulitoka nyuma ya migomba, chini kabisa karibu na mto, mweupe, mnene, moshi wa kuni mbichi. Ulikuwa unapanda taratibu moja kwa moja kuelekea njia ya jua. Wa thelathini na nane.

Bwana Giza aliuona. Alinitazama tu, na mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko cha kamera kama mkono juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Dakika ngapi?" nikauliza.

"Kumi na nne."

"Ukienda," akaongeza, "nani atahesabu?"

Mzee Omwenga alikuwa ameshaichukua kamba. "Nenda," akasema. "Mimi hata nikitazama juu sitaona. Mtu anayefaa kazi hii ni mimi."

Nilikimbia. Nilikuwa nimevaa koti zito la serikali, na mteremko ule hauna huruma na goti. Nilianguka mara mbili. Hata kuanguka sikuweza kufanya mara moja. Nyuma ya migomba nikakuta nyumba ndogo niliyoiona siku zile nikaipita, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na hapakuwa na moshi. Mlangoni alisimama mama mtu mzima, Nyaboke. Ndani, karibu na moto, alikaa mke wa mwanawe, Kwamboka, na mtoto mchanga kifuani. Walikuwa wametoka zahanati ya misheni jana yake jioni, siku sita walikuwa huko. Nilikuwa nimehesabu moshi mara mbili, na mara zote mbili nyumba yao ilikuwa tupu.

Nilieleza nikihema. Nyaboke alinisikiliza huku ameshika kiuno.

"Majirani walitwambia jana," akasema. "Wakasema kuna mtu alipita nyumba zote kuomba. Kwangu hakupita. Nikasema basi, waliohesabiwa ndio wapigwe baridi. Sisi hatukuhesabiwa."

"Mama, nilikosea."

"Mtoto ana siku tano. Unataka nimzimie moto kwa sababu ya picha ya mzungu?"

Asubuhi ilikuwa inageuka rangi ya jivu. Kuku walikuwa wanarudi bandani. Nilitazama mtoto, nikatazama moshi. Kule juu kulikuwa na mtu anayekufa polepole ambaye ameivuka bahari mara tatu. Hapa kulikuwa na mtu ambaye ndiyo kwanza amefika. Sikuona ni mizani gani ya kuwapimia.

Nikavua koti nikampa.

Nyaboke alilishika, akalipima uzito, akaligeuza ndani nje kama ningefanya mimi. "Koti," akasema. "Na moto wangu uurudishe. Usiniletee makaa ya kuomba kwa jirani. Jirani hakunikosea. Ukiuzima wewe, uuwashe wewe, kwa mkono wako."

Ni mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu kukubali bei ya kwanza.

Kwamboka alimfunga mtoto ndani ya koti, likambakiza pua tu. Nami, niliyewafundisha watu wa nyumba thelathini na saba wasimwage maji, nikachukua mtungi nikamwaga maji. Haraka ni shetani. Moto ulilia, wingu jeupe likatoka mlangoni, kubwa kuliko lile la kwanza. Nilisimama uani nikilitazama likipanda, na nadhani sijawahi kusali vile. Likafika juu ya migomba. Likasita. Kisha baridi ya giza lenyewe ikaleta upepo mdogo kutoka mtoni, likasukumwa kando, likachanika.

Hapo giza likaanguka.

Ule ukingo wa mashariki ulisimama kati yangu na jua. Kutoka uani kwa Nyaboke hakuna jua saa ile mpaka lipande zaidi. Niliona nyota moja au mbili, niliona rangi ya machungwa pande zote za dunia, kama jua linachwea kila mahali kwa pamoja. Taji sikuliona. Lilikuwa kule, nyuma ya kilima, juu ya mgongo wa udongo ambao ningeuvuka kwa hatua mia tano kama ningekuwa na hatua mia tano.

Lakini hesabu niliisikia. Mnajua sauti inavyovuka bonde la kwetu asubuhi, watu wakiitana kilima kwa kilima. Sauti ya Mzee Omwenga ilishuka gizani, kavu, bila haraka: *emo, ibere, isato, inye, isano*. Kimya kifupi cha punje kudondoka. *Emo, ibere, isato, inye, isano.*

"Litarudi?" Kwamboka akauliza kwa sauti ndogo. Hakuwa ananiuliza habari za elimu.

"Litarudi. Imehesabiwa."

"Imehesabiwa kama nyumba yetu?" Nyaboke akasema.

Nilikuwa nahesabu punje za mzee. Zilipofika kumi na mbili nilijua zile sekunde tatu zangu ndizo zinazofuata. Niliinua uso nikautazama ukingo mweusi, sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkataba ni mkataba. Kisha kuku wa Nyaboke wakatoka bandani.

Nilipofika juu Bwana Giza alikuwa amekaa chini kwenye umande, amekumbatia sanduku la vioo vya picha, anakohoa na kucheka. Mzee Omwenga alikuwa anatema mate upande wa mashariki kwa mara ya pili siku moja, jambo ambalo alisema hata baba yake hakuwahi kulifanya. Niliomba kiberiti. Kiberiti cha Bwana Giza kilikuwa kimelowa umande, njiti zote.

"Unatafuta kiberiti," Mzee Omwenga akasema, "na hicho unachokifunga kwenye kitambaa kila siku ni nini?"

Nilingoja jua likamilike, likapanda, likapata nguvu. Nikalitoa tufe kwenye kikombe chake, nikalifunga kwa kitambaa cheusi, nikashuka nalo. Nyaboke alikuwa ameandaa majani makavu ya migomba, yaliyosagwa kama pamba. Nikapiga goti uani kwake, nikalishika tufe kati ya jua na majani, nikatafuta ile nukta ndogo nyeupe. Ilichukua muda. Majani yakawa meusi, yakafuka, Nyaboke akainama na kupuliza. Moto ulipotoka hakusema asante. Alisema, "Sasa tumehesabiwa," akaingia nao ndani.

Koti sikuliomba tena.

Wiki ya pili Bwana Giza aliniita ndani ya hema lake kuniaga. Aliinua kioo kimoja kwenye mwanga. Kwenye vioo vile kila kitu ni kinyume: kweupe ni kweusi, kweusi ni kweupe. Niliona duara jeupe, na kulizunguka manyoya meusi, marefu, laini, kama unywele wa mtu aliyeamka. Taji la jua nililiona likiwa na rangi ya masizi. Chini pembeni kulikuwa na ukungu mdogo.

"Na hiki?" akaniuliza.

"Huo ni uji wa Nyaboke."

Akasema atauacha ulivyo. Aliondoka na vioo vyake, na baada ya mwaka tulipata barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Siku hizi, wajukuu, nasikia vyombo vimepelekwa juu kabisa, juu ya mawingu na juu ya jikoni za watu wote, na mbele ya jicho lake kila chombo kina kisahani kidogo kinachofunika uso wa jua. Kinafanya kazi ya mwezi kila siku, hakingoji. Mwalimu mmoja alinionyesha picha. Taji jeupe, kama alivyosema, linapumua na kurusha ndimi. Nikamwuliza kama sasa wamejua kwa nini linazidi joto kadiri unavyoondoka jikoni. Akasema bado wanabishana. Nikafurahi kidogo. Ninyi mtakaokwenda kusoma mambo hayo, kazi bado ipo.

Lakini kabla hamjapima cha juu, mhesabu waliopo chini. Na msihesabu moshi tu. Bisheni hodi hata penye mlango uliofungwa.

Kadi ya siku ile ilikwenda makao makuu pamoja na nyingine za mwezi. Mkaguzi akaandika akitaka maelezo: kupatwa kwa jua anakujua, kulikwisha mapema, mbona mstari wa kuungua haupo tena kwa muda karibu wa saa nzima baadaye, siku ambayo vituo vyote jirani havikuwa na wingu? Nilikaa na barua hiyo. Ningeweza kuandika wingu. Aliyenitangulia angeandika wingu.

Nilichovya kalamu nikaandika: *Jua lilikuwepo. Kifaa kilikuwa jikoni.*